Picha ya Baba kabla ya Dodoma

Mimi kukaa nimeshindwa tangu utoto. Mume wangu Paschal anaweza kukalia gunia la mashudu nusu siku nzima, anatazama mafuta yanavyochuruzika kwenye ndoo, hana neno na mtu. Mimi nikikaa dakika tano miguu inaniwasha. Tuna mashine ya kukamua alizeti hapa Kinyangiri, na wateja wameshanizoea: nikikupimia mafuta huku nafagia huku nagombana na kuku, usishangae, ndivyo nilivyo.

Kinachonituliza ni kimoja tu, kamera. Miaka minne iliyopita fundi simu mmoja wa Singida mjini aliniuzia kamera ndogo kuukuu, mfuniko wa betri umefungwa kwa mpira. Paschal alicheka sana. "Severina, simu unayo, inapiga picha. Hicho kidude cha nini?" Leo jibu ninalo. Simu ukiishika inakuita, mara mtu anauliza bei ya mafuta, mara ujumbe wa kikoba. Kamera haina shida na mtu. Nikiiweka jichoni, hata pumzi yangu inashuka.

Jioni saa kumi na moja jua linaingia kwa mlango wa mashine, na vumbi la maganda ya alizeti limejaa hewani. Mpakiaji akipita na gunia begani, vumbi linamzunguka kichwa chote. Picha ya namna hiyo nikiipata, hata moja kwa mwezi, nasonga ugali naimba. Usiku nikigeuka kitandani naiwasha tena niitazame, Paschal anavuta shuka anaguna. Siuzi. Harusi sipigi, kipaimara sipigi. Ukiniambia nikusimamishe mbele ya pazia la maua nitakukatalia mchana kweupe.

Nilichokuwa nachukia ni watu kukakamaa. Huku kwetu ukimwonyesha mtu kamera anakimbilia ndani. "Ngoja nijiweke sawa!" Anarudi na koti, mikono ubavuni, midomo imefungwa, kama anasubiri kuitwa jina mahakamani. Ilikuwa inaniudhi, jamani! Mtu dakika moja iliyopita alikuwa anapepeta mtama huku anamsema wifi yake, mzuri ajabu, sasa amegeuka gogo. Kwa hiyo nikawa naiba. Najibanza, napiga, nakimbia.

Mwaka jana nilimwiba jirani yetu Mzee Alute. Mbuzi wake alikuwa amempokonya kofia, naye anacheka mdomo wazi, meno yake mawili yote nje. Mwezi wa pili mwaka huu akafariki. Familia ilipekua nyumba nzima, picha hakuna. Na huku jeneza lisilo na picha juu yake ni aibu, watu watasema marehemu hakupendwa. Wakanikimbilia mimi. Picha ikaenda studio mjini, ikakuzwa, ikatiwa fremu. Basi siku ya maziko Mzee Alute amelala ndani, na juu ya jeneza yuko anatucheka wote. Kwaya ilipoanza, sauti ya kwanza wawili wakaponyokwa na kicheko, mchungaji akakohoa. Mjane akaikumbatia ile fremu, akalia, "Huyu ndiye mwenyewe, huyu ndiye!" Nisiseme uongo, nilijisikia vizuri.

Kumbe nimejiharibia. Neno likatembea kwamba Severina akikupiga picha ukiwa mzee, ujue anakuandalia fremu. Vikongwe wakiniona njiani wanavuka upande wa pili. Vijana wa bodaboda wakaniita Mama Jeneza. Nikacheka nao, yakaisha. Hayakuisha kwa baba.

Baba yangu, Mzee Simeoni, anaishi ng'ambo ya korongo, peke yake na ng'ombe wake tangu mama afariki. Mwezi wa sita alionekana ana uvimbe tumboni. Daktari akasema apasuliwe Dodoma, siku Jumanne. Tusafiri Jumatatu. Picha yake niliyokuwa nayo ni ya kitambulisho tu, na pale anaonekana kama kakamatwa na mali ya wizi.

Nilitaka moja. Baba anacheka. Baba hachekagi hovyo, lakini akicheka hatoi sauti, anatikisika mabega, machozi yanamtoka, anatafuta kitu cha kushika asianguke. Wanangu wameona kicheko hicho labda mara mbili. Nani angekuja kuwaeleza kikoje, kama... Sentensi hiyo wiki nzima sikuweza kuimaliza. Nilikuwa nazunguka tu. Nilimpimia mteja mmoja mafuta mara mbili, mwingine nikamrudishia dumu tupu.

Jumatatu ya kabla nilikwenda kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hicho kidude kiache hapo mlangoni, pamoja na viatu."

"Baba, picha moja tu."

"Alute naye ulimwambia moja tu?"

"Alute sikumwambia kitu."

"Ndiyo hivyo sasa."

Jumatano nikajaribu tena, akaniwahi kuingia ndani na kufunga mlango. Alhamisi nikafanya upumbavu. Asubuhi na mapema nilijibanza nyuma ya zizi wakati anakamua, anaongea na ng'ombe wake kwa Kinyiramba, uso umelainika. Nikapiga. Nilisahau flashi! Mwanga ulimlipukia ng'ombe, akarusha teke, ndoo ya maziwa chini, ndama mbio kuelekea kwenye mtama wa watu.

"Severina! Unaniwinda kama sungura? Sijafa, unanitafutia fremu?"

"Ungekubali nisingekuwinda!" Nilimjibu baba yangu hivyo, Mungu anisamehe. Nikaondoka bila hata kumsaidia kumfukuza ndama. Kwenye kamera nilikuta mkia wa ng'ombe na nusu ya mgongo wa baba.

Siku mbili hakunipigia wala sikumpigia. Paschal akaniambia niende nikaombe radhi, nikamwambia aangalie mashine yake. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira woga, na nilijua kabisa kwamba ni woga.

Jumapili baada ya ibada simu ikaita. "Njoo. Njoo na kidude." Akakata.

Sikumbuki nilivyovuka korongo. Nilimkuta amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, koti amevaa, tai aliyofungia ndoa amefunga, viatu vinang'aa, mikono juu ya magoti. Amekakamaa hasa.

"Piga," akasema. "Ya kuweka juu."

"Juu ya nini?"

"Usinifanye mtoto."

Wiki nzima namwomba na kumvizia, na sasa amekaa mwenyewe. Nikamwambia, "Sipigi."

"Severina."

"Sipigi! Sipigi, baba, sipigi!" Nikakanyaga mguu chini, mimi, mwanamke wa miaka arobaini na sita.

Akaningoja nimalize. "Haya. Kama umemaliza, piga. Au unataka waniweke ile ya kitambulisho, watu waje kumzika mwizi?"

Nikapiga. Nilibonyeza kwa pupa, tatu za kwanza zikatoka ukungu mtupu. Ya nne ikatulia. Kwa miaka minne sijawahi kupata picha kali vile. Jua lilimpiga kwa ubavu, kila mkunjo wa uso unahesabika, mpaka uzi wa kifungo cha koti unauona. Akaomba aone. Akavaa miwani, akaisogeza karibu, akaitazama muda mrefu.

"Huyu mtu anaogopa," akasema.

Nikatazama. Kweli. Nilichokuwa nakiita kukakamaa, yalikuwa meno yamebanwa kitu kisitoke. Mwanga ulikuwa mzuri na mimi nilikuwa nimeuangalia mwanga tu. Nikawafikiria wote niliowacheka na makoti yao, waliokuwa wanajiweka sawa, nikaona aibu.

"Na mimi naogopa, baba." Lilitoka lenyewe.

Alivuta kigoda kwa mguu, akakiweka kando ya kiti chake. "Njoo ukae. Hicho kidude hakiwezi kupiga chenyewe?"

Kinaweza, ila mimi kwenye picha zangu simo hata moja. Nikapindua pipa la maji, nikaiweka kamera juu, nikaitega sekunde kumi, nikakimbia. Ikanipiga mgongo kabla sijafika. Mara ya pili niliwahi kukaa, nikaona kama imeinama upande, nikainuka kwenda kuirekebisha, ikanipiga tumbo. Baba akauliza kama hiyo nayo ni ya kukuza. Mara ya tatu nilijikwaa, nikafika nimechuchumaa, nikakumbuka flashi. Yesu wangu, flashi! Nikanyanyuka.

"Kaa, we mtoto! Kaa chini!" Akanidaka mkono kwa mikono yake miwili. Kamera ikalia.

Tukaitazama pamoja. Kwa sheria zote ninazojitungia ni picha mbovu. Mimi ni ukungu wenye kitambaa kichwani. Bega langu limemziba kifua, kichwa changu kimemkata nusu ya kidevu. Nyuma yangu yuko yeye, ameng'ang'ania mkono wangu asianguke, tai imerukia begani, macho yamefumba. Anacheka.

"Ndiyo hii," nikamwambia. "Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta, baba."

Akatikisika tena kidogo, akafuta macho. "Hii wataiweka juu?"

Ningeweza kumdanganya. "Haiwezekani. Aliye hai hawekwi juu ya jeneza, na mimi nimekuziba. Studio wakinitoa mimi, watakukata na wewe mikono."

Mimi nilikuwa bado nimekaa, mkono wangu bado anao.

"Ile ya koti ifute," akasema.

"Baba, ile ndiyo nzuri. Sijawahi kupiga..."

"Ifute nikiona."

Nikaitafuta, nikambonyezea mbele ya macho yake. Kamera ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza tena, ikatoweka.

"Haya," akasema, akaanza kulegeza tai. "Sasa picha ya kuweka juu hakuna. Itabidi nirudi."