Ngao za Mchawi

Mchawi hana mgongo. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza kwenye ule mchezo wa kompyuta, na mpaka leo sielewi walioutunga walikuwa na ugomvi gani na sisi. Askari anabeba mapanga matatu, kofia ya chuma na paja zima la nguruwe mwitu, na bado anakimbia mlimani. Mchawi akiokota buti moja la maiti anaanza kuburuta miguu. Akiokota la pili anasimama kabisa, na maandishi mekundu yanatokea kumwambia kwamba amezidiwa na mzigo, kana kwamba hajui.

Na huyo asiye na mgongo ndiye mwenye gharama kuliko wote. Upanga ukishanunuliwa umenunuliwa. Mimi kila nilipogandisha adui kwa barafu nilikunywa chupa nzima ya dawa ya buluu, na chupa zenyewe nzito. Kupata dhahabu ya chupa, nilichuma majani porini, nikayachemsha, nikayabeba kidogo kidogo mpaka sokoni, na huko mnunuzi ananiambia ameishiwa na pesa, rudi kesho. Mfanyabiashara gani anafungua duka mfuko mtupu? Hata mama mboga wa Lodwar hawezi kukosa chenji ya kwanza asubuhi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kazi yangu ni hiyohiyo. Mimi ni mtunza bohari katika ofisi moja hapa Lodwar. Kutwa nzima naandika kwa Kiingereza tairi ngapi zimetoka, karatasi ngapi zimeingia, nani amechukua kiti na hajakirudisha. Jumamosi inafika, nafungua madirisha, nawasha feni inayosukuma joto kutoka kona moja hadi nyingine, naketi kupumzika, na ninachofanya ni kupanga chupa kwenye begi. Ningekuwa na akili ningechagua kuwa askari. Lakini nilipenda lile joho.

Nilicheza peke yangu mpaka Krismasi moja kaka yangu alipokuja kunitembelea. Yeye anaishi Kakuma mjini, ana kibanda cha kutengeneza simu na kuzichajisha kwa sola, na watu wa kambi ya wakimbizi huja kwake kila siku. Alisimama nyuma ya kiti changu akitafuna, akauliza huyu mama asiye na silaha ni nani.

"Mchawi," nikamjibu.

Akatazama kwa muda. "Hapana," akasema. "Mchawi ni mtu mbaya. Huyo ni emuron."

Emuron kwetu Waturuki... samahani, hivyo ndivyo dereva mmoja wa kutoka bara alivyotuita ofisini, na bado sijamsamehe. Kwetu Waturkana, emuron ni mwaguzi. Ndiye anayeota ndoto, akawaambia watu wahame au wabaki. Kaka alirudi Kakuma, akatafuta kompyuta kuukuu, akaufufua mkebe huo kwa waya alizotoa kusikojulikana, akaingia mchezoni akiwa askari. Jumamosi iliyofuata alikuwa amesimama mbele yangu na shoka. Simu nayo tuliiweka wazi mezani, kila mtu kwake, tukiongea.

Lazima niseme kwa nini nilifurahi, maana baada ya hapo sitafurahi tena kwa muda mrefu. Zamani mimi na kaka tulizungumza mbuzi. Nilipiga simu, akanieleza yupi amezaa, yule mwenye doa la jicho amepelekwa kwa nani, yule asiye na pembe alitoka kwa rafiki yupi wa baba. Saa nzima ilipita. Halafu ukame ukamaliza mifugo ya baba, na baba mwenyewe hakukaa sana baada yake. Tangu hapo simu zetu zilikuwa hivi: Ejok, hujambo? Ejok noi, salama sana. Joto? Joto. Kisha kimya, na salio linaungua. Nilikichukia kile kimya. Tulikuwa hatujagombana, ila hatukuwa na cha kusemeana.

Basi mchezo ukatupa maneno, na maneno yenyewe yakawa ugomvi.

Kwanza alinikataza kuokota buti. "Emuron haokoti viatu ya watu amekufa," alisema. "Emuron analetewa." Nikamwambia huyu emuron hajaletewa kitu tangu azaliwe. Pili, kundi letu lilikuwa na sanduku, na ndani yake nilipanga dawa zangu kwa rangi na kwa nguvu, kama nipangavyo bohari. Nikirudi Jumamosi nakuta nusu hazipo.

"Dawa ziko wapi?"

"Iko kwa watu."

"Watu gani, kaka?"

"Kuna dereva moja wa Lokichar, alikuwa anamalizwa na buibui. Na kuna mama moja wa Kaaleng. Mtandao yake ni mbaya, akisimama tu anakufa."

"Wamelipa?"

"Walipe nini? Iko kwao. Siku moja utaenda kuiona."

Utaenda kuiona! Chupa ya dawa ikishanywewa nitaiona wapi? Lakini yeye aliigawa dhahabu na dawa kama baba alivyogawa mbuzi: huyu apelekewe wawili, yule mmoja, marafiki wa huku na wa kule, hata ukija nyumbani kwa mwenye mali huoni mali. Nilimweleza kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Akasema anakumbuka zote kichwani. Kaka huyu ambaye husahau alikoweka funguo akiwa amezishika!

Msaidizi wake katika uharibifu huo alikuwa mama mmoja wa Sudan Kusini anayeuza sukari na sabuni kambini. Alikuja kuchajisha simu, akaona mchezo, akaketi, na hakuinuka tena. Alikuwa mpiga mishale hodari kuliko sisi wote, na Jumapili alikuwa kwenye kwaya. Kila nilipolalamika alicheka mpaka simu ikakwaruza.

"Malesh, pole dada," alikuwa akiniambia. "Hiyo roho yako tutoe kwa sanduku kwanza, ipate hewa."

Halafu ikatangazwa sikukuu mchezoni, na mfanyabiashara fulani angekuja mjini kwa wiki moja kuuza fimbo ya theluji. Fimbo hiyo ingenitoa utumwani. Ilikuwa nyepesi kama mswaki, na aliyeishika aliweza kugandisha lolote bila kunywa chupa hata moja. Bila chupa begi langu lingekuwa wazi, ningetembea kama watu. Na mkazi wa Lodwar ukimwonyesha theluji, hata ya kuchorwa, huwezi kumlaumu akiitamani. Bei yake ilikuwa wazimu. Sikukuu yenyewe ilikuwa bado mbali kidogo, kwa hiyo nilimpigia kaka nikasema waziwazi.

"Ukigawa tena kitu kimoja, kimoja tu, natoka kwenye kundi. Nitacheza peke yangu."

"Sawa," akasema.

Nilijua nimesema nini. Nikitoka, tunarudi kwa joto, joto. Lakini nilikuwa nimepandwa na hasira, na neno likishatoka nani atalimeza? Kaka hakugawa tena kitu. Majuma yakapita, mimi nachuma, nachemsha, nauza, narudishwa kesho, nauza tena, na kila kipande cha dhahabu nakiweka kwenye sanduku lile moja. Lilijaa vizuri. Nilikuwa nalifungua wakati mwingine kulitazama tu.

Wiki ya sikukuu akaja mgeni kutaka kujiunga nasi. Kaka hakumpenda. Alisema mtu ambaye hataji anakotoka hapewi hata maji. Mimi nilimpenda mara moja, kwa sababu alinionyesha begi lake na lilikuwa limepangwa kwa rangi. Nikampa ruhusa ya sanduku. Nilimpa mimi, mtunza bohari, ninayemdai mkuu wangu sahihi kabla hajachukua kalamu.

Jumamosi, siku ya mwisho ya sikukuu, nilifungua sanduku mchana. Mgeni alikuwa ameacha karoti moja tu.

Sitarudia niliyoyasema. Jirani aligonga ukuta kuuliza kama ni nyoka. Nilipomwambia kaka, nilingoja acheke, na angecheka huo ungekuwa mwisho wetu. Hakucheka.

"Nani analaza mbuzi yote boma moja?" aliuliza, na aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. Nikapiga kelele kwamba hizi si mbuzi. Akasema, "Ngoja hapo kwa lango ya mji. Usitoke." Nikasikia akimwita mama wa sukari.

Nikasimama langoni na karoti yangu. Wa kwanza kufika alikuwa dereva wa Lokichar, kwenye farasi. Akashuka, akaniwekea ngao mbele yangu, akaandika: pole emuron, nimeambiwa umevamiwa. Akaondoka. Kisha akaja mama wa Kaaleng, naye kwa mtandao wake alikuja kwa kuruka na kuganda, kuruka na kuganda, nikadhani hatafika. Akafika, akaniachia ngao ya kijani. Wakaja wengine nisiowahi kuwaona, mmoja akasema yeye ni muuza samaki wa Lowarengak na kwamba dawa yangu ilimtoa kwenye pango. Ngao. Ngao. Ngao ya ngozi, ngao yenye mbwa, ngao iliyopasuka katikati. Kaka alikuwa amewatangazia kwamba emuron ameporwa, na kila mmoja akaona aliyeporwa anahitaji kinga. Hakuna aliyejiuliza kama mchawi anaweza kushika ngao. Hawezi! Mchezo haumruhusu! Aliweza kuzibeba tu, na hata hilo hakuliweza, maana kwenye ngao ya tatu yale maandishi mekundu yakatokea na miguu ikakataa.

"Wamekuja?" kaka akauliza kwenye simu.

"Wamekuja na vyuma."

"Vizuri," akasema, na nikasikia anatabasamu, jambo lililonichoma zaidi.

Ilikuwa imebaki nusu saa sikukuu ifungwe. Nikageuka kidogo, kwa kuwa kugeuka naruhusiwa, na kando ya lango nikamwona mnunuzi wa vyuma. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa na pesa. Nikafungua duka lake. Nikapiga hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Ngao zote zikiuzwa pamoja, fimbo naipata. Mfanyabiashara wa theluji alikuwa ng'ambo ya uwanja, namwona. Kulikuwa na kitufe kimoja: uza vyote. Nikaweka kidole.

"Kaka, nikiziuza zote napata fimbo."

Wote wawili tulijua jambo moja na hakuna aliyelitaja. Mnyama aliyeletwa na rafiki baada ya maafa hauzwi siku hiyohiyo. Baba alikuwa akiwaambia wanunuzi waliokuja mbio: bado hajazoea boma. Lakini ngao, jamani! Ngao itazoea boma gani? Ni picha za vyuma kwenye kompyuta, na mimi nilikuwa nimechoka, nimeibiwa, natoka jasho mpaka kwenye vidole, na theluji yangu iko hatua chache mbele.

"Uza," kaka akasema. "Ni yako."

Kisha kile kimya kikaingia. Nilikitambua papo hapo, kilekile cha joto, joto. Nikasikia feni yangu, nikasikia redio ya kibandani kwake, na mama wa sukari, ambaye hajawahi kunyamaza maishani, alikuwa amenyamaza pia.

Nikatoa kidole.

"Hii ya kijani," nikasema, kwa ukali, kwa sababu nilikuwa na hasira naye na bado ninayo, "mama wa Kaaleng aliitoa wapi?"

Nikasikia akivuta kiti. "Hiyo ya kijani? Hiyo ina maneno," akaanza. "Hiyo kwanza ilikuwa ya shemeji yake. Sasa shemeji yake alikuwa anapita pale kwa daraja, ile daraja ya zimwi, unakumbuka..."

Saa kumi na mbili jioni mfanyabiashara wa theluji alikunja turubai lake, akaondoka na fimbo. Kaka alikuwa bado kwenye ngao ya pili.