Ng'ombe Niliowahesabu Dongobesh

Kwa miaka mingi, nikiulizwa nani aliyeichagua nyumba ya Mama Emanueli kule Dongobesh ijengewe mtambo wa biogesi, nilijibu, "Kamati." Kamati ilikuwa mimi na kalamu yangu. Niliingia zizini, nikaona ng'ombe wawili, nikaandika: samadi inatosha. Kisha mwezi uliopita Mama Emanueli akanipigia simu. Ng'ombe wote wawili walikuwa wa kuwekeshwa, na mwenyewe anawataka. Nikapanda basi kutoka Babati.

Saa nne asubuhi tulikuwa tumemaliza kona za mlima wa Dareda. Dongobesh kulikuwa na ukungu. Mama Emanueli alifungua koki ya gesi, akawasha kiberiti, sufuria ikakaa juu ya moto wa buluu. Nyuma ya nyumba, mteremko niliouacha visiki vitupu una miti inayompita mtu urefu.

"Ng'ombe wakienda, narudi kukata kuni," alisema. "Naanza na miti hiyo hiyo."

"Kwa nini hukuniambia si wako?"

"Dada, uliniuliza? Uliuliza umri wangu, ukauliza choo, ukauliza tunakula mara ngapi. Nikasema huyu amesoma, ya ng'ombe anayajua."

Nilishuka mlima, nikalala Katesh. Asubuhi bodaboda ikanifikisha Getanuwas, kwa Mzee Gidamis, mfugaji mwenye ng'ombe wale. Desturi ya wafugaji wa huko ni ya zamani: unaweka baadhi ya ng'ombe kwa rafiki, ili ugonjwa ukiingia bomani kwako usikumalizie wote. Rafiki anapata maziwa na samadi. Ndama ni wako.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe unayechemsha chai kwa mavi ya ng'ombe wangu?"

Nikakiri.

"Uliwahesabu?"

"Wawili."

"Ukauliza ni wa nani?"

"Sikuuliza."

Alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Huku hata mtoto wa chekechea anauliza!" Kisha akawa mpole. Mwanawe anaoa, ng'ombe wale ni wa mahari, ahadi imeshatolewa.

Nilimweleza habari za misitu na hali ya hewa kwa ufasaha wote niliofundishwa chuoni. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nilipoishiwa maneno nikauliza, ili tu nisikae kimya, kuhusu maksai wawili waliolala nyuma yake wakicheua.

"Hao wazee wenzangu. Walivuta plau miaka yote. Sasa tunakodi trekta, hawana kazi. Kuwachinja naona huruma."

Nikasema pole, nikaaga. Njia nzima hadi Babati niliwaza ripoti nitakayoandika kuhusu kushindwa kwa mtambo. Maksai sikuwawaza hata kidogo.

Wiki mbili baadaye, nikiwa nyumbani, simu iliita.

"Dada, Mzee Gidamis alikuja na fuso," alisema Mama Emanueli. "Ng'ombe wake kawachukua. Kaniachia maksai wawili. Anasema uliwaona kwa macho yako, ukasema pole tu!"

"Lakini maksai hawakamuliwi," nikasema, kwa elimu yangu yote.

"Ndiyo, maziwa yamekwisha, watoto wananung'unika. Ila wanakula, dada, na anayekula ananya. Hebu subiri."

Nikasikia kiberiti, halafu mvumo mdogo wa moto.

"Haya," akasema. "Naweka chai ya rangi."