Wabeba Machela wa Nyumba za Pombe

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba ya Bugarama, wilayani Ngara. Wanawake wanne wanainama, wanashika miti ya machela, wananyanyuka kwa pamoja. Ndani amelala Marsiana, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, amefunikwa kitenge hadi kidevuni. Hospitali ya misheni iko mbali, kilometa kumi na nane.

"Taratibu kwenye mteremko," anasema Ernesta Nshoma, aliyeshika mti wa mbele. "Akitikisika anaumia."

Njiani wanakutana na mwanamume mwenye baiskeli. Huku, mwanamume akikutana na machela hutua mzigo wake na kutoa bega. Huyu anaisukuma baiskeli hadi ndani ya shamba la maharage, anaziba pua, anasubiri wapite. Ernesta anamsalimu kwa jina. Anageuza uso.

"Huyo hunywa kwangu kila Jumamosi," anasema Ernesta bila kugeuka.

Ernesta ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa Nyamigogo, wilaya ya Biharamulo, akaolewa hukohuko. Mumewe, Gozbert, alikwenda vitani na mgambo mwishoni mwa mwaka 1978, wala hakurudi. Matanga hayajaisha, shemeji zake wakagawana shamba. Alikuja Bugarama na watoto wawili na jembe moja, akaanza kupika pombe ya ndizi.

Alipanga chumba kando ya barabara, kwenye safu ya nyumba za wajane na wanawake walioachika. Kijijini wanaitwa malaya, hata siku wanazolima shamba la ujamaa bega kwa bega na wanaowaita hivyo. Ernesta hafichi kwamba baadhi yao hupokea wanaume. "Njaa haikuulizi umeolewa wapi," anasema.

Kisha ukaja ugonjwa ambao watu wa mkoa huu wanauita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichoingia kwa magendo baada ya vita. Mwaka jana, 1984, ulimshika jirani yake, Suzana. Alikonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Ernesta alikwenda kuomba chama cha machela, ambacho kila kaya ya kijiji ni mwanachama wake, kimpeleke hospitali. Wanaume wakakataa.

Akalipeleka suala hilo kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti, Mzee Privatus, alimwambia kwamba machela ni ya watu wenye heshima zao, na kwamba atakayemgusa Suzana atakufa naye.

"Nilimwamkia shikamoo kwanza, kwa sababu ni mzee," anakumbuka Ernesta. "Halafu nikamwambia: jina la Suzana limo kwenye daftari la shamba la kijiji. Kwenye kulima ni mtu. Kwenye kuugua amekuwa nini?"

Mkutano ukacheka, ukafungwa. Kesho yake wanawake sita wa zile nyumba waliingia msituni na mapanga. Mwanamke kubeba machela ni mwiko. Wazee walisema mvua itakatika. Walikata miti, wakasuka kamba za mgomba, wakambeba Suzana kwa saa saba, mabega yakichubuka.

Suzana hakupona. Alifariki baada ya wiki tatu. "Lakini alikufa ameogeshwa, amelishwa, na mkono wake umo kwenye mkono wangu," anasema Ernesta. "Nami sijafa."

Tangu hapo wamebeba wagonjwa kumi na mmoja. Laurian, tabibu wa zahanati aliyehudhuria semina mjini Bukoba, aliwaeleza kwamba Juliana haiambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kumwogesha mgonjwa, bali kwa ngono na kwa damu. Akawafundisha kuvaa glovu penye kidonda, akawagawia mipira ya kiume ya uzazi wa mpango.

Wanawake wakajiwekea sharti: mwanamume anayeukataa mpira kwa mmoja wao amekataliwa na nyumba zote. Wateja wengine walihamia kijiji cha Nyamiaga. Wengine walirudi, wakiwa wapole.

Mwezi uliopita mgambo walifika na amri ya kuwaondoa kama wazururaji, kwa kisingizio cha kampeni ya nguvu kazi, ya kuwarudisha wasio na kazi mashambani. Ernesta aliwapeleka shambani kwake, akawaonyesha ekari mbili za mihogo, kisha akaketi chini katikati ya matuta. Wenzake nao wakaketi. "Niliwaambia wanibebe," anasema. "Hakuna aliyetaka kunigusa. Siku hiyo woga wao ulitufaa."

Mgambo waliondoka, wakisema watarudi.

Hospitalini, saa nane mchana, Marsiana anapokewa na kupewa kitanda. Ernesta anakaa kwenye ngazi, anajipaka mafuta mabegani. Miaka mitatu ya kisomo cha watu wazima imemfundisha kusoma, na sasa amechukua fomu ya kugombea ujumbe wa nyumba kumi, yaani uongozi wa nyumba kumi jirani. Anataka mgonjwa yeyote wa eneo lake abebwe bila kuulizwa alilala wapi.

Anaulizwa kama anadhani Bugarama itampigia kura mpika pombe.

"Bugarama haipigi," anajibu, akifunga kichupa cha mafuta. "Zinapiga nyumba kumi. Na saba ni zetu."