Gauni la Mkono Mmoja

Kiharusi kilipompooza mama yao mkono wa kulia, binti mkubwa, fundi cherehani, alimvalisha kila asubuhi kabla ya kwenda dukani kwake. Mama alikuwa akitazama ukutani kwa aibu. Binti mdogo, ambaye nyumbani walimwita Chechele kwa jinsi alivyosahau sufuria jikoni, ndiye aliyechukua gauni kuukuu, akalichana ubavu mzima, akaficha sumaku ndogo ndogo chini ya vifungo. Mama akalivaa mwenyewe kwa mkono mmoja, akatokea sebuleni anacheka.

"Haya, nani ananioa?"

Kwa Chechele kazi ikawa imekwisha. Akili yake ilishahamia kwingine.

Fundi hakuliacha. Sumaku zilipata kutu, akaweka utepe wa kunata, kama ule wa viatu vya watoto. Utepe ukakwaruza ngozi, akaushonea kitambaa laini. Alishona na kufumua mpaka hospitali ya jirani ikaagiza magauni ya wagonjwa wake. Siku ya kuyakabidhi, muuguzi mkuu alimuuliza mbele ya watu, "Wazo hili ulilitoa wapi?"

"Lilinijia tu," akasema fundi.

Chechele alikuwa nyuma yake, amekumbatia magauni. Aliyapanga mezani vizuri, akaenda zake.

Tangu hapo fundi alikuwa akijitetea moyoni: nani aliyehangaika na ule utepe? Lakini kila mteja alipomsifu, uso ulimwaka. Mwishowe alimfuata mdogo wake uani, alikokuwa akianua nguo.

"Mdogo wangu, nilikuibia."

"Hukuniibia, dada. Mimi ningeshona moja la mama, basi. Wale wagonjwa wangevaa nini?"

"Mbona umeninunia, sasa?"

"Sijanuna. Ila siku hizi kitu kikinijia, nakiacha kipite. Najiuliza, cha nini?"

Fundi aliona afadhali angetukanwa.

Kesho yake alikwenda kumweleza muuguzi mkuu ukweli. Yule akacheka: "Si nyinyi ni ndugu?" Akaendelea na kazi zake.

Sasa fundi humwambia kila mteja, hata asiyeuliza, nani aliyelibuni gauni lile. Chechele husikia, hutabasamu kidogo, huendelea kupiga pasi. Dada yake amemtengea meza karibu na dirisha, yenye vitambaa na mkasi mpya. Mpaka leo hajaugusa.