Nilivyoipata Kazi kwa Bwana Nyama

Nilikuwa na darasa la saba, mke mmoja na mtoto anayetambaa nilipokwenda kuomba kujitolea kwenye kituo cha wanyamapori. Barua ya balozi wa nyumba kumi ilisema mimi ni mkulima mwaminifu wa Nyambureti. Bwana nyama, mkuu wa kituo, aliisoma, akaikunja, akasema, "Waaminifu wanaotaka bunduki ni wengi. Kachote maji."

Nilichota maji tangu mahindi yalipopandwa hadi yalipovunwa. Tulikuwa wawili wa kujitolea, mimi na mwenzangu wa Genkuru, mwenye mwandiko kama wa karani. Tulijua nafasi ya askari ni moja. Askari walituita Wachumba, kwa kuwa tulikuwa bado tunachunguzwa. "Wachumba, leteni kuni, harusi bado." Sisemi walikuwa watu wabaya. Walitugawia ugali wao, na nilipougua malaria mmoja wao alinibeba mgongoni.

Asubuhi moja, kando ya mto, tulikuta nyumbu amekufa kwenye tanzi, waya umezama shingoni hadi mfupani. Sajenti alitoa koleo akate. Nikasema, "Afande, usikate, huu unafunguka." Nikaingiza kidole, nikauzungusha waya kushoto mara mbili, ukaachia.

Nilitaka waone. Hilo nalikiri. Kwetu kila mtegaji hufunga kwa namna yake, ili mwingine asije akadai mnyama wake, na anayetaka kufunga au kufungua hivyo sharti afundishwe na mwenyewe. Nililijua tangu utoto. Kama wakati ule nililikumbuka au la, nimejiuliza miaka mingi na jibu hubadilika.

"Nani kakufundisha?" bwana nyama aliuliza, kwa upole.

"Mjomba wangu."

Lilinitoka kama jibu la darasani.

Zamani wangemtafuta kutwa nzima. Lakini tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, na yake ilikuwa ya tatu kutoka ofisi ya kijiji. Tulimkuta anapura ulezi. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza habari za mtoto, ndipo akaona bunduki nyuma yangu. Ndani nyama kavu ilining'inia juu ya meko. Mke wake alinitazama, akasema, "Mwaka wa njaa ulikula hapa. Leo umetuletea wageni."

Nyama peke yake haikumtosha bwana nyama. Alitaka mwenye tanzi lile. Akamtupia mjomba kipande cha waya. "Funga."

Mjomba akafunga, taratibu, vibaya, kama mtu asiyewahi kushika waya. Hata watoto waliokuwa wanachungulia walicheka. Sajenti akamchapa vidole kwa fimbo. Akafunga tena vilevile.

Bwana nyama akanigeukia. "Ndivyo alivyokufundisha?"

Hakunitisha. Lazima niandike hivyo, maana baadaye nilimwambia mama yangu kwamba nilitishwa. Mwenzangu wa Genkuru alikuwa anatazama chini, nami niliwaza kwamba nikinyamaza, nafasi ni yake.

"Hapana," nikasema.

"Basi tuonyeshe."

Nikauchukua waya kutoka kwenye vidole vilivyoanza kuvimba. Nilipofika katikati, mjomba akaniambia kwa lugha yetu, "Mzunguko wa pili huwa unaulegeza. Kaza."

Nikakaza.

Kituoni mwenzangu aliambiwa aandike maelezo, kwa sababu ya mwandiko wake. Aliandika mistari michache, akasimamisha kalamu. "Ndugu, hapa niandike mjomba wako, au niandike mtuhumiwa?"

Mjomba alikuwa amekaa sakafuni, mikono imefungwa, hatua mbili tu kutoka mezani. Nadhani mwenzangu aliuliza kwa nia njema, ingawa sina hakika. Naye alikuwa na mke.

"Mtuhumiwa," nikasema.

"Mtuhumiwa," akarudia, akaandika kwa herufi zake nzuri.

Bwana nyama akasoma juu ya bega lake hadi mwisho, kisha akamwambia sajenti anipimie buti.