Ndege Weupe wa Yakubu

Mume wangu Yakubu, fundi cherehani na baba wa binti yetu Safi, hakuwa mwongo. Ila kwa jambo moja nilimhesabu mwongo miaka tisa: ndege wake. Alidai kwamba ujanani, kando ya mto chini ya mtaa wa Lubunga, aliona bwawa limejaa yangeyange hata majani hayaonekani. Majirani walimcheka, mimi nilicheka kuwashinda. Hilo lilimuuma, nami nilijua.

Mwaka uliofuata uhuru akaapa kunipeleka nikaone kwa macho yangu. Akavaa koti jeusi alilojishonea kwa sherehe za uhuru, akamkodi Félicien, mvuvi wa maporomokoni, na mtumbwi wake.

Siku hizo wanajeshi walilinda kingo za mto, na mtumbwi uliopita kimya walidhani umebeba adui. Kwa hiyo wapiga kasia walipita wakiimba. Félicien aliimba kwa nguvu zote, huku akigonga ubavu wa mtumbwi.

“Nyamaza kidogo, Papa Félicien, ndege batakimbia!” Yakubu akamsihi.

“Nikinyamaza, basoda batatupiga masasi. Ndege iko na mabawa, Papa Safi. Mimi niko na batoto sita.”

Bwawa tulilikuta tupu. Yakubu akashuka, akazama hadi magotini, akasimama chini ya mti akichungulia kwenye majani ya bwawa. Hapakuwa na hata unyoya. Nilimhurumia kweli, lakini mdomo wangu haukunisikia.

“Bon, Papa Safi, niko naona chura moja.”

Félicien akaangua kicheko. Yakubu akavua koti, akalikunja bila kulitazama, akarudi mtumbwini.

Jioni nikalikunjua nilifue. Mgongoni, toka bega hadi kiuno, kinyesi cheupe cha ndege! Kumbe mmoja alibaki mtini juu yake, na sisi watatu hatukuinua macho. Nilicheka peke yangu uani. Je, nimwambie, nipoteze utani wa miaka tisa? Nikalificha koti sandukuni, nikasema matope yameliharibu.

Miaka mitatu baadaye vita vya waasi vikafika mjini, tukakimbilia Banalia kwa miguu. Yakubu alibeba cherehani, mimi sanduku, binti yetu Safi masufuria. Siku ya pili Yakubu akaketi kando ya barabara, akasema haendi tena. Niliogopa. Nikafungua sanduku, nikampa koti.

Akaligusa doa lililokauka. “Ulijua tangu siku ile?”

“Tangu siku ile.”

Nilingoja anigombeze. Akalivaa, akainuka, akajitwika cherehani, na hadi Banalia kila tuliyekutana naye alionyeshwa mgongo.

“Ni ndege yangu,” alisema. “Muulize Mama Safi.”

Nami, kila nilipoulizwa, nilijibu ndiyo.