Radi ya Daftari la Nane

Mwaka wa 1957 hapakuwa na mtu Elburgon aliyejiamini kama Kipkemei, mpima magogo wa kiwanda cha mbao. Alikuwa ameandika riwaya, madaftari manane, miaka sita, na kila aliyekutana naye sokoni aliambiwa habari za "kitabu changu". Hata wasiojua kusoma waliambiwa. Tena hao ndio walioambiwa zaidi, maana hawangeomba kukiona.

Ofisi moja ya vitabu huko Nairobi ikamwambia atume kwanza muhtasari wa ukurasa mmoja. Akautuma. Alieleza jinsi mjane Cheptanui alivyonyang'anywa ng'ombe na shemeji yake, na jinsi alivyouvuka msitu wa Mau kwa miguu kuwafuata. Kisha akamalizia kwa madaha: "Je, atawapata? Someni wenyewe!"

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. "Tuambie hadithi yote mpaka mwisho. Tutasoma mara moja tu tena, kisha usituandikie."

Kipkemei alikasirika, wee! "Hawa watu wana wazimu? Nani hutoa mwisho bure?"

Mkewe Jeruto alikuwa akimenya viazi. "Baba Zeddy, wewe unaweza kuandika urefu wa gogo kabla hujaona ncha zote mbili?"

"Hapana."

"Basi waonyeshe ncha ya pili. Hata mimi sijaiona, na mafuta ya taa nimekununulia miaka sita."

Akakubali shingo upande. Akaandika upya, akamsomea: Cheptanui anaponyoka chui msituni, anafika, shemeji anakataa katakata. Analia langoni. Mbingu zinanguruma, radi inampiga shemeji, mjane anarudi na ng'ombe wake.

Jeruto akaweka kisu chini. "Radi?"

"Radi."

"Imetoka wapi?"

"Juu."

"Ala! Mama wa watu ametembea msitu mzima, amemponyoka chui, halafu kazi imefanywa na mvua? Si angekaa tu nyumbani angoje mawingu?"

Kipkemei akautazama ukurasa wake. Ndani ya madaftari manane radi ile ilikuwa imejificha vizuri. Kwenye ukurasa mmoja haikuwa na pa kujificha. Aliona aibu, aibu ya kweli, na woga juu yake, kwa sababu nafasi ilibaki moja tu. Viazi hakuvigusa.

Jioni hiyo alikuwa ameketi nje, ameshika kichwa, Jeruto aliposimama mlangoni mwa boma na ndoo ya kukamulia. "Chelel! Njoo, mama, njoo!" Ng'ombe wa jirani waliendelea kula nyasi. Chelel, ng'ombe wake, akatoka katikati yao mbio.

Kipkemei akaruka. "Mama Zeddy! Daftari la kwanza! Cheptanui huwakamua akiwaita kwa majina!"

"Sasa si umeshasema mwenyewe," akajibu Jeruto, akikaa kukamua.

Daftari la nane akalichana lote, akaliandika upya. Sasa Cheptanui halii. Mbele ya wazee shemeji anaapa kwamba ng'ombe ni wake. "Waite basi," mjane anamwambia. Shemeji anaita mpaka sauti inakauka, hakuna anayesogea. Cheptanui anaita mmoja mmoja kwa jina, na boma zima linageuka. Kipkemei aliandika muhtasari asubuhi moja, mpaka mwisho, na haukuvuka ukurasa.

"Tuletee madaftari yote," wakajibu.

Kipkemei alilia, wala hakujificha. Akayafunga kwa kamba, wakateremka pamoja na Jeruto mpaka stesheni. Karani wa mizigo akacheka alipoona kifurushi. "Ndicho hiki kile kitabu chako?"

Kipkemei akamtazama mkewe, aliyejifanya anaangalia behewa la mbao.

"Chetu," akasema. "Mimi nilikuwa na radi tu."